Wakitenga leni kwa baiskeli, foleni itaongezeka mara mbili?

Swali

Mhandisi, habari za kazi. Nina duka la spea hapa Dar es Salaam, kwenye barabara yenye leni mbili za kwenda na mbili za kurudi. Kwenye mkutano wa mtaa, kijana mmoja anayesambaza mikate kwa baiskeli alipendekeza leni ya kando kila upande itengwe kwa ajili ya baiskeli kwa miezi sita, kwa koni na vigingi vya plastiki, halafu tuone. Akatuonyesha picha za Paris kwenye simu. Mimi nikasimama nikasema ukitoa leni moja kati ya mbili, foleni inaongezeka mara mbili, na wateja wangu watapaki wapi? Watu wakapiga makofi. Usiku nikajiuliza kama nilichosema ni kweli. Shemeji yangu aliyeko London anasema kwao, pale Kensington, waliziweka mwaka 2020 wakaziondoa baada ya wiki saba kwa sababu zilishindwa. Nisaidie: foleni kweli inakuwa mara mbili? Za London zilishindwa? Na miezi sita inatosha kujua?

Jibu

Ndugu yangu, wanaopigiwa makofi mkutanini halafu wakakosa usingizi kwa kuwaza walichosema ni wachache, kwa hiyo barua yako nimeipa nafasi kubwa.

Kuhusu foleni, umepatia nusu. Barabara ya mjini haipitishi magari kwa kadiri ya wingi wa leni zake, inapitisha kadiri ya makutano yake yanavyoruhusu. Taa ikiwa ya kijani, leni moja hutoa gari moja kila sekunde mbili hivi. Ingekuwa kijani saa nzima, yangetoka magari 1,800. Lakini tuseme taa yenu inawaka kijani sekunde 30 katika kila sekunde 90. Leni moja hapo inatoa magari 600 kwa saa, na leni mbili zinatoa 1,200. Sasa rudi nyuma mita mia tatu, mbele ya duka lako, ambako hakuna taa. Pale leni moja peke yake ina uwezo wa kupitisha karibu 1,800, yaani inaweza kuilisha taa ya leni mbili na ikabaki na nafasi. Ukiondoa leni ya pili mbele ya duka, dereva hachelewi zaidi ya alivyokuwa akichelewa, kwa sababu kilichokuwa kinamchelewesha ni taa.

Kitakachoongezeka mara mbili ni urefu wa foleni kwa mita. Magari yale yale yaliyokuwa yakijipanga mistari miwili yakijipanga mmoja, mkia unafika mbali mara mbili. Ndiyo maana watu wataapa kwamba hali imeharibika hata pale ambapo saa ya mkononi inaonyesha dakika zile zile. Mkia huo una hatari moja ya kweli: ukifika kwenye makutano ya nyuma unayaziba, na hapo dakika zinaongezeka kweli. Kwa hiyo kabla ya yote, pimeni umbali kutoka taa hadi makutano yaliyotangulia.

Hesabu hii ina masharti mawili. La kwanza, leni zote mbili zibaki wazi karibu na taa. Katika sekunde 30 kila leni hutoa magari 15, na kila gari linakula mita sita hivi likiwa limesimama, kwa hiyo mnahitaji mita 90 mpaka 100 za mistari miwili kabla ya taa. Bei ya jambo hili ni kwamba mwendesha baiskeli unamwachia ulinzi wake ukomee mita mia moja kabla ya mahali panapomtisha zaidi, pale gari linapopinda kushoto mbele yake. Mimi binafsi, kama wanaopinda kushoto ni wachache na magari yanayokuja hayafiki 600 kwa saa, ningepeleka vigingi mpaka kwenye mstari wa kusimamia na kukubali magari machache yasubiri taa ya pili.

La pili ni askari wa trafiki. Anapozima taa akaongoza kwa mkono na kuruhusu upande mmoja dakika tano mfululizo, kila kitu hapo juu kinabadilika. Dakika tano ni magari 150 kwa leni. Ili leni zote mbili ziendelee kutoa kwa kasi hiyo, kila moja ingehitaji karibu mita 900 za magari yaliyokwisha kujipanga. Mkiwa na mita 100 tu za mistari miwili, akiba inaisha baada ya nusu dakika, na muda wote uliobaki makutano yanakula kutoka leni moja. Katika jiji letu hili si jambo la pembeni. Mkikubaliana jaribio, mkubaliane pia na polisi kwamba taa zinaachwa zifanye kazi yake. La sivyo mtapima trafiki mkidhani mnapima baiskeli.

Kuna jambo jingine ambalo wenye magari huwa hawaliamini. Mwaka 2002 watafiti watatu wa Uingereza walichapisha uchambuzi wa maeneo zaidi ya 70, kutoka nchi 11, ambako barabara zilipunguzwa nafasi ya magari. Katika nusu ya maeneo hayo, zaidi ya asilimia 11 ya magari yaliyokuwa yakipita hayakuonekana tena, hata ukihesabu barabara za jirani. Watu walibadili saa ya safari, wakaunganisha safari mbili kuwa moja, wakapanda basi. Lakini usiende mkutanini na hiyo 11 kama ahadi, maana yapo maeneo ambako magari hayakupungua kabisa.

Sasa shemeji yako. Ni kweli, Kensington High Street iliwekewa njia za baiskeli za muda msimu wa vuli mwaka 2020, na halmashauri ya eneo hilo ikaziondoa mwanzoni mwa Desemba baada ya wiki kama saba, kufuatia malalamiko ya wafanyabiashara na wakazi. Lakini angalia kalenda. Uingereza iliingia kwenye zuio la pili la korona tarehe 5 Novemba na kutoka tarehe 2 Desemba. Kwa hiyo wiki nne kati ya hizo saba maduka yasiyouza mahitaji ya lazima yalikuwa yamefungwa. Ule ni mtaa wa maduka! Kutoka kwenye wiki za namna hiyo huwezi kusema njia zilishindwa, na mwenye kuzitetea naye hawezi kusema zilifaulu. Ukiniuliza kilichoshindwa pale, ni upimaji. Uamuzi wa kuziondoa ulikuwa wa kisiasa, na halmashauri ina haki ya kufanya siasa, ila shemeji asiuite matokeo ya jaribio.

Linganisha na Berlin. Tarehe 25 Machi 2020 wilaya ya Friedrichshain-Kreuzberg ilipanua njia ya baiskeli pale Hallesches Ufer, kwa hoja ya korona, kwa michirizi ya rangi ya njano na vizuizi vile vya kwenye ujenzi wa barabara, kisha mitaa mingine ikafuata. Kule mchirizi wa njano una maana kisheria: ni wa muda, na unaufuta ule mweupe. Mwanasiasa mmoja wa chama cha AfD akaenda mahakamani. Septemba mahakama ya utawala ikampa ushindi, ikisema korona siyo hatari ya barabarani, na kwamba serikali ilipaswa kuonyesha kwa kila barabara hatari iliyopo kwa waendesha baiskeli. Serikali ya jiji haikujibu kwa hotuba. Ilipeleka mahakama ya juu takwimu za ajali na hesabu za magari, barabara kwa barabara, na Oktoba mahakama hiyo ikaruhusu njia zibaki wakati kesi ikiendelea. Kama zile namba zisingepatikana, vizuizi vingeondolewa.

Na zile picha za Paris alizokuonyesha kijana ni za kweli. Mwezi Mei 2020 rue de Rivoli ilifungwa kwa magari binafsi, na jiji likatenga njia za muda zipatazo kilomita 50. Baadaye uongozi wa jiji ukaamua kuzifanya za kudumu. Bogotá nao walianza na koni Machi ileile na kufika zaidi ya kilomita 80. Lakini hawa walikuwa na mazoezi: tangu mwaka 1974 wamekuwa wakifunga barabara siku za Jumapili ili watu wapite kwa baiskeli na miguu, kwa hiyo koni barabarani haikuwa ajabu kwa dereva wa kule. Uchambuzi wa miji 106 ya Ulaya uliotoka mwaka 2021 ulikuta kwamba njia hizi za muda ziliongeza uendeshaji baiskeli kwa wastani wa kati ya asilimia 11 na 48. Namba nzuri, ila zilipatikana wakati watu wanaogopa kupanda basi. Kwenu, ambako daladala haiogopwi kwa sababu hiyo, msizibebe kama zilivyo.

Swali lako la wateja ndilo ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu hapo unazungumzia mkate wako. Kottbusser Damm, Berlin, ni mtaa wa maduka uliowekewa njia ya muda mwaka 2020. Watafiti waliwauliza wenye maduka wa mtaa huo na wa mtaa mwingine, Hermannstraße: wateja wenu wangapi huja kwa gari? Wastani wa majibu ulikuwa asilimia 21.6. Kisha wakawauliza wateja wenyewe. Ilikuwa asilimia 6.6. Zaidi ya nusu ya wateja waliishi ndani ya kilomita moja.

Sisemi duka lako liko hivyo. Wewe unauza spea, na mtu mwenye gari bovu atakuja na gari bovu. Lakini fundi anayemtuma kijana kuchukua pedi za breki huja na nini? Kaa Jumamosi moja na daftari, kila anayelipa muulize amefikaje na gari ameliacha wapi, halafu ujue. Kama wengi kweli wanapaki mbele ya duka, mna hoja ya kuomba nafasi za kupakua mizigo kwenye barabara ya pembeni kabla koni ya kwanza haijawekwa. Na kama ile leni ya kando tayari imejaa magari yaliyopaki na daladala zinazosubiri abiria, basi leni mbili mnazozitetea hazipo. Mnatetea leni moja na maegesho.

Miezi sita inatosha ikichaguliwa vizuri. Anzeni Januari mmalize Juni: mtapata ukavu, mtapata masika, mtapata shule zikiwa zimefunguliwa na zikiwa zimefungwa. Wiki nne za mwanzo hesabuni lakini msizitumie, maana watu wanakuwa bado wanajifunza na kutukana. Masika ndiyo yatakayowaambia ukweli ambao hakuna mtaalamu wa Paris angewaambia: maji yetu yanakaa kando ya barabara. Mtaro ukiwa umeziba, leni ya kando ndiyo bwawa, na mnataka kumweka mwenye baiskeli humo. Zibueni kwanza. Kituo cha daladala nacho kisizungushiwe vigingi. Vikatizwe kabla na baada, na hapo katikati baiskeli ipunguze mwendo, kwa sababu abiria anayeruka kutoka mlangoni haangalii kushoto.

Kisha bodaboda. Kule Ulaya kigingi kinazuia gari na kazi imeisha. Hapa, bajaji ina upana wa kama mita 1.3, kwa hiyo njia ya mita mbili na nusu ni zulia jekundu kwake. Kigingi cha katikati pale pa kuingilia, kinachoacha nafasi ya mita 1.2 kila upande, kitaizuia, ila kipimeni pia na guta za mtaani kwenu, maana nyingine nazo ni pana, na mwenye guta anaihitaji njia hii kuliko mwenye baiskeli ya mazoezi. Bodaboda haizuiliki kwa kifaa chochote: panapopita baiskeli, pikipiki inapita. Tembea kandokando ya njia ya mabasi ya mwendokasi pale Morogoro Road uone jinsi hata zege la kudumu lisivyoweza. Kwa hiyo bodaboda zihesabiwe kama zilivyo. Ikiwa mwezi wa nne pikipiki ndani ya njia ni nyingi kuliko baiskeli, semeni hivyo kwenye ripoti.

Vigingi vya plastiki vitavunjwa na vingine vitaibwa. Matairi chakavu yaliyojazwa zege na kupakwa rangi hudumu zaidi, ila bila viakisi mwanga usiku yanaua mtu, na hilo halina mjadala. Ruhusa mtaomba kwa mwenye barabara: kama ni ya mtaa mtaipeleka TARURA, kama ni barabara kuu au ya mkoa ni TANROADS. Nendeni na barua yenye kipimo kilichoandikwa tangu mwanzo, kwa mfano: safari ya gari kutoka taa hadi taa isizidi dakika fulani kuliko ilivyokuwa Desemba, baiskeli zifike idadi fulani, majeruhi wasiongezeke. Namba zenyewe chagueni ninyi, lakini mzichague kabla. Zikichaguliwa baadaye, kila upande utachagua zinazoupendeza.

Hesabu za Desemba hazihitaji mashine. Siku tatu za kazi na Jumamosi moja, saa 12 hadi 3 asubuhi na saa 10 hadi 1 jioni: magari, daladala, bajaji, bodaboda, baiskeli, guta, na watembea kwa miguu, kila kimoja safu yake. Ila usihesabu peke yako. Mweke yule kijana wa mikate upande wa pili wa barabara na daftari lake, mhesabu vitu vile vile kwa saa zile zile. Namba zenu zikipishana sana, nitumieni madaftari yote mawili.