Nunua mizani kabla ya jiko la pili

Kina dada wanaotaka kuuza wanachopika huniuliza sana: nianze na mtaji kiasi gani? Mimi huwajibu: anza na mizani. Ile ndogo ya jikoni, ya betri, inayopima gramu moja moja. Nilichelewa miaka miwili kuinunua yangu, na miaka hiyo miwili nilifanya kazi bure.

Natengeneza achari ya embe hapa Dar es Salaam. Nilifundishwa na bibi yangu Tanga, na bibi hakuwa na kipimo isipokuwa kiganja chake na macho yake. Unachukua embe changa, ngumu, unazikata na ganda lake, unazitia chumvi na manjano, zinalala. Asubuhi unazianika juani mpaka zinywee. Ndipo unaingiza pilipili, saumu, uwatu, haradali, siki na mafuta. Ukimuuliza kiasi gani, anakwambia, "We tia tu mwanangu, utaona mwenyewe."

Kwa chakula cha nyumbani inatosha. Chumvi ikizidi leo, watu watachota kidogo, na kesho utarekebisha. Mteja hana uvumilivu huo. Aliyenunua chupa mwezi wa kwanza akarudi mwezi wa tatu anataka ileile aliyoonja mwanzo. Nilipopata mizani nilikwenda nayo Tanga, nikamwomba bibi achote chumvi kama alivyozoea. Gramu 38. Kiganja changu kilitoa gramu 27. Kumbe muda wote nilikuwa napika mapishi yake kwa mkono mdogo.

Hilo la ladha ni dogo. Kilichonifungua macho ni hesabu. Nilikuwa nauza chupa ya gramu 250 kwa shilingi 2,500, na nilijua, au nilidhani najua, kwamba kila chupa inaniachia zaidi ya 1,000. Jirani yangu ni fundi cherehani, anayehesabu mpaka uzi. Siku moja nilikuwa namsimulia biashara inavyokwenda, akaniuliza, "Na chupa yenyewe, dada, unanunua shilingi ngapi?"

Tukakaa barazani tukaandika. Kilo 10 za embe, 12,000. Pilipili na saumu, 6,000. Viungo, 5,000. Mafuta, 6,000. Siki, 2,500. Hapo nilipokuwa naishia mimi ni 31,500, na mkupuo mmoja ulinipa chupa 22. Tukaendelea. Chupa 22 kwa 700 ni 15,400. Lebo, 3,300. Gesi, 3,000. Bodaboda ya kwenda sokoni na kusambaza, 4,000. Jumla 57,200, yaani 2,600 kwa kila chupa. Nilikuwa nalipa shilingi 100 kumlisha kila mteja wangu, bado sijahesabu siku mbili za mgongo wangu.

Iangalie tena hesabu hiyo, maana ndimo ubunifu ulimotoka: chupa tupu ilinigharimu kuliko embe. Nilipandisha bei hadi 4,000 na baadhi ya majirani wakaniacha, lakini pia nilianza kujiuliza ni nani anataka achari bila chupa. Ni wapishi wa shughuli! Pilau na biriani za harusi hazikamiliki bila achari, na hawa hununua kwa kilo. Sasa nawapelekea kwenye ndoo yenye mfuniko, kilo kwa 10,000, na ndoo inarudi. Wazo la pili lilitoka upande wa pili wa hesabu hiyohiyo: vichupa vidogo sana, vilivyofungwa utepe wa rangi ya sherehe, kwa ajili ya kicheni pati. Pale mtu hanunui achari, ananunua zawadi ya kumpa mgeni, kwa hiyo gharama ya chupa anaibeba yeye kwa moyo mweupe. Sikuwaza hata moja kati ya hayo nikiwa nimekaa natafuta "mawazo ya biashara".

Kuna jambo sitaki mtu ajifunze kwa njia niliyojifunzia. Msimu wa embe na mvua za vuli hukutana. Mwaka mmoja jua lilikosekana siku nne mfululizo, oda zinanisubiri, nikafungasha embe zikiwa bado na maji. Baada ya wiki mbili duka moja la mtaani lilinirudishia chupa 12 zenye vifuniko vilivyovimba. Nilimwaga zote, na nyingine zilizobaki ndani. Maji ya embe yalikuwa yamezimua siki, uchachu ukaanza. Tangu hapo natumia karatasi za kupima tindikali, yaani pH, ambayo namba ikishuka tindikali imezidi: chakula cha chupani cha aina hii kinatakiwa kiwe chini ya pH 4.6, mimi siuzi kilichofika 4. Na tafadhali, usiweke saumu kwenye mafuta matupu ukaiacha kabatini. Humo bila tindikali hustawi bakteria wenye sumu inayoua, na hutaona harufu wala povu la kukuonya.

Karatasi za serikali zinawaogopesha watu kuliko inavyostahili. SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu 1973, na ina ofisi mikoani kote Bara. Nenda uulizie mafunzo ya usindikaji na barua ya utambulisho. Kwa barua hiyo TBS, yaani Shirika la Viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosajili vyakula badala ya TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, huwapa wajasiriamali wadogo nafuu kubwa ya ada katika miaka ya mwanzo. Jiandae kwa jambo moja tu: wakaguzi hawataki utengeneze bidhaa palepale unapopikia familia. Nilisafisha stoo, nikaweka vigae na nyavu madirishani. Ilinichukua muda kukusanya hela hiyo, na sijutii.

Kwa hiyo wewe unayesifiwa visheti, kashata au ubuyu, wiki hii usinunue chochote kipya zaidi ya mizani na daftari. Pika kama unavyopika siku zote, ila pima kila kitu kabla hakijaingia sufuriani, na upime tena kilichotoka. Andika mtungi mmoja wa gesi unatosha mikupuo mingapi. Andika ulianza saa ngapi na ulimaliza kuosha vyombo saa ngapi. Rudia mara tatu, siku tofauti, halafu ndipo uniulize habari ya mtaji, tukae na daftari lako.