Kampa mwenzake viatu, nami nikamchapa

*Shangazi, shikamoo. Mwanangu Twaha yuko darasa la nne hapa Makorora, Tanga. Mwezi uliopita alirudi shule pekupeku, akasema viatu vyake vimeibiwa. Nikamchapa. Juzi nikamwona mwanafunzi mwenzake, anayelelewa na bibi yake, kavaa viatu vile vile. Nilivijua kwa uzi wa bluu fundi alioshonea kisigino. Nilipombana Twaha akasema alimpa, kwa kuwa yule alikuwa akija pekupeku na wenzake wakimcheka. Alivivua nyuma ya darasa, akamwambia, "Chukua, vyangu vinanibana." Baba yake anataka niende nikavidai. Nifanyeje? – Mama Twaha*

Marahaba, Mama Twaha mwanangu. Usiende. Ukisimama uani kwa bibi yule kudai viatu, mtoto wake atarudi kutembea pekupeku huku mtaa mzima ukijua sababu, na wako atajua kuwa kutoa ni kosa.

Uchungu wa mumeo naujua. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi, na kila Januari inakamua. Kwa hiyo usimwambie kuwa jambo ni dogo. Mwambie tu alichofanya mwanawe, neno kwa neno kama ulivyoniandikia.

Maana mimi hapo kwenye "vinanibana" ndipo niliposimama. Mtoto wa darasa la nne kajua kwamba mwenzake akipewa kwa kuonewa huruma ataona haya, akamtafutia sababu ya kupokea bila kuinamisha kichwa. Kamtoa mbele za watu pia. Kisha kaja nyumbani, kala fimbo, na bado hakumtaja. Watu wazima wangapi tunaweza kutoa sadaka namna hiyo? Wengi wetu hatumalizi wiki hatujaitangaza.

Uongo aliokwambia wewe ndio wa kuzungumza naye. Aliposema vimeibiwa, mtoto mwingine angeweza kushukiwa wizi. Mweleze hilo, ataelewa. Lakini anza wewe kumwomba radhi kwa zile fimbo, kwani aliogopa hizo hizo. Mwambie: "Siku nyingine ukiona mwenzio hana, njoo uniambie, tutazame tuna nini." Muulize pia, kwa upole, kama kuna anayemtisha ili atoe vitu vyake. Kwa ulivyosimulia sidhani, ila mama huuliza.

Kwa bibi nenda, lakini nenda kumjulia hali kama jirani. Viatu usivitaje; akivitaja yeye, mjibu kuwa watoto wamepeana. Mkiwa mnaongea utajua kama mjukuu anakula vizuri, kama ana daftari. Ukiona mzigo umemshinda, zungumza na mwalimu wa darasa, au umwelekeze bibi kwa afisa ustawi wa jamii. Na mtoto akija kwenu kucheza, mwekee sahani kama wengine, wala usimtazame miguuni.

Twaha mnunulieni vingine, hata vya mitumba pale Ngamiani, na pesa yake ya vitumbua msimkate. Baba yake ndiye ampeleke. Wakiwa njiani amwache mtoto asimulie mwenyewe ilivyokuwa, asimkatize.