Daraja la Darajani lilikuwa wapi hasa?

Ukisimama Darajani leo, Unguja, utaona soko, daladala na watu wakigombania mitumba. Daraja huoni, maji ndiyo kabisa. Lakini majina ya mahali hayasemi uongo. Mtaa wa Ng'ambo ni ng'ambo ya nini? Ya hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Hori lile liliingilia Funguni likazunguka nyuma ya Mji Mkongwe hadi upande wa Mnazi Mmoja, mji ukabaki kama rasi iliyoshikwa na shingo nyembamba ya ardhi upande wa kusini. Lilifukiwa vipande vipande katika karne ya 20, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 likawa limekwisha. Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee bado wanaiita Creek Road, imepita juu yake.

Bibi yangu amezaliwa Ng'ambo. Aliponiambia kwamba maji yakijaa watoto walikuwa wakiogelea pale penye daladala, nikaona nilitafute daraja lenyewe kwa ramani za kale. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua miezi mitatu, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ilikuwa kusahihisha ujinga wangu mwenyewe. Ukitaka kutafuta bandari, gati au forodha ya zamani huko kwenu, chukua haya usije ukayarudia.

Kosa la kwanza: nilishika ufukwe. Niliingiza picha ya ramani ya zamani kwenye QGIS, programu ya bure ya kutengenezea ramani, nikaulazimisha mstari wa pwani wa zamani ulale juu ya ule wa leo. Daraja likaangukia ndani ya jengo la soko! Pwani ndiyo kitu cha mwisho cha kuaminiwa. Pale mbele ya Forodhani watu wamejenga kuta na kujaza kifusi kwa vizazi, na bustani yenyewe ni ya miaka ya 1930. Anzia nchi kavu, kwenye majengo ambayo hayajahama. Kwa Mji Mkongwe mimi nilitumia pembe za Ngome Kongwe, mnara wa msikiti wa Malindi na kanisa la Kianglikana la Mkunazini. Alama tatu zinatosha kuanzia, ila zisikae kwenye mstari mmoja. Ya nne usiiingize kwenye programu. Iweke pembeni uje kupimia kosa lako.

Kabla ya kuchagua alama, tazama tarehe ya ramani. Mimi nilikuwa na mchoro wa wakati wa nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyefika Unguja mwaka 1846, nikaona jengo kubwa karibu na ngome nikaliandika Beit al-Ajaib. Beit al-Ajaib imejengwa 1883. Hata kanisa la Mkunazini jiwe lake la msingi liliwekwa 1873, kwa hiyo kwa ramani ya 1846 halina kazi. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Na hiyo haikuwa aibu kubwa. Ramani nyingine ya bahari ya Kifaransa ilikuwa na namba za longitudo pembezoni, nikaziingiza kama zilivyo. Mji Mkongwe ukatua maeneo ya Gairo, mkoani Morogoro. Wafaransa wa karne ya 19 walikuwa wakihesabu longitudo kuanzia Paris, si Greenwich, na tofauti ni nyuzi 2 na dakika 20 hivi, ambazo huku kwetu ni karibu kilomita 260. Ongeza hizo, mji unarudi baharini.

Kuhusu namba zilizotawanyika majini, hicho ni kina. Kwenye ramani nyingi za Waingereza ni pima, yaani kama mita 1.83 kila moja, na huhesabiwa kuanzia maji yakiwa yamekupwa. Hapa kwetu bamvua, yaani maji makubwa, hupandisha maji kama mita 4. Kwa hiyo jiulize mstari uliochorwa ni wa maji kujaa au kupwa; penye tope tambarare kama horini, kati ya mistari hiyo miwili ni mwendo mrefu wa miguu.

Ukichapisha nakala, usiamini maandishi ya uwiano chini ya ramani. Duka moja liliibana yangu iingie kwenye karatasi ya A3 bila kuniambia. Pima kwa ule mstari wa kipimo uliochorwa, maana wenyewe hubanwa pamoja na ramani.

Picha nazo zinasaidia. Ukiona milingoti imechomoza majini mbele ya kasri, hiyo ni HHS Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa tarehe 27 Agosti 1896. Picha basi imepigwa baada ya siku hiyo.

Mwishowe nikampeleka bibi Darajani, simu mkononi, alama nyekundu ikiwaka. Akasimama, akageuka huku na huku akitafuta soko lilipo, kisha akanyoosha bakora ng'ambo ya barabara, kama hatua ishirini kutoka nilipokuwa mimi.

"Hapo uliposimama wewe, mjukuu wangu, ungekuwa umelowa mpaka kiunoni."

Nimeisogeza alama.