Kwa mnaoanza kazi ya usuluhishi: someni vita ya Ethiopia na Eritrea

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, naona wengi mkipewa faili la mgogoro mnakimbilia kipengele cha kusitisha mapigano, mnaona ndo kazi yenyewe. Mi nawashauri muanze na mpangilio: nani anaondoka kwanza, anarudi mpaka wapi, na nani anaenda kuhakikisha. Hapo ndo mazungumzo mengi yanakwama.

Chukueni Ethiopia na Eritrea. Vita ilianza Mei 1998 pale Badme, kamji kadogo tu mpakani. Marekani na Rwanda waliingia mapema, mwezi huohuo, na pendekezo lao lilikuwa Eritrea irudi ilipokuwa kabla ya tarehe 6 Mei, utawala wa Ethiopia urejee Badme, halafu mpaka uchorwe kisheria. Ethiopia ikakubali, Eritrea ikagoma, yenyewe ilitaka pande zote mbili zitoe majeshi kwanza. Ukisoma harakaharaka unaona wanabishania ratiba, kumbe kila mmoja anaogopa kwamba akitangulia kutoka atakuwa ameshakiri mbele ya wananchi wake kuwa ardhi si yake.

Halafu angalieni tarehe, msizipite tu. OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati huo, ilileta mpango wake Novemba 1998, Ethiopia ikasema sawa, Eritrea ikaja kukubali mwishoni mwa Februari 1999, wakati Badme imeshachukuliwa na jeshi la Ethiopia. Ilipofika Agosti 1999 zikaja taratibu za utekelezaji, sasa Eritrea ndo inakubali na Ethiopia ndo inakataa. Kwa hiyo mkiwa mezani fuatilieni uwanja wa vita kila siku, maana jibu la "ndiyo" hapa lilikuwa linatoka kwa aliyeelemewa kule. Na katikati ya huo ubishi vijana makumi ya maelfu waliishia kwenye mahandaki, inauma sana na sitaki mtu azoee kuisoma kama takwimu.

Ethiopia ikashambulia kwa nguvu Mei 2000, na tarehe 18 Juni wakasaini kusitisha mapigano mjini Algiers, Algeria. Hapo kuna kazi nzuri ya kujifunza: walitenga ukanda wa usalama upana wa kilomita 25 ndani ya Eritrea, wakaweka askari wa UN. Hizo 25 ni umbali ambao kombora la mzinga linafika, yaani namba ilitokana na silaha zilizokuwepo. Na wakaandika wazi kwamba jeshi kusimama mahali fulani hakuamui ardhi ni ya nani, ndo maana pande zote zikaweza kusaini.

Sehemu iliyonisikitisha ni baadaye. Mkataba wa amani ulisainiwa Desemba 2000, tume ya mpaka ikatoa uamuzi Aprili 2002, wa mwisho na usio na rufaa, na baadaye ikathibitika Badme iko upande wa Eritrea. Ethiopia haikuutekeleza. Tume ikavunjwa bila bikoni kusimikwa pale, askari wa UN wakaondoka 2008, na nchi zikakaa hivyo, si vita si amani, mpaka Julai 2018, familia zimegawanyika huku na huku.

Basi ukipewa rasimu, ukiona imeandikwa "uamuzi utakuwa wa mwisho", uliza palepale upande ukigoma nani atachukua hatua gani na ndani ya muda gani. Kama hakuna jibu, irudishe mezani kabla wakubwa hawajaja kusaini.