Anashiba wali na chai, mbona kuhara hakuishi?

Dada wa Shela, umesema mwanao wa miaka miwili anashiba wali na chai, lakini kuhara na kifua havimwachi. Tumbo limejaa, ila kinga ya mwili hujengwa kwa protini, zinki, madini ya chuma na vitamini A, na hivyo kwenye wali mtupu ni haba mno.

Utapiamlo ukizidi, tezi ya thaimasi, ile ya kifuani inayokomaza chembe nyeupe za damu, hunywea. Utando wa matumbo nao huwa mwembamba, vijidudu vikapenya. Kisha kila akihara anapoteza kile kidogo alichokula na hamu ya kula inakwisha, basi anakonda zaidi na kuugua tena. Hapo ndipo wengi wetu tunasema "ni meno tu".

Usingoje homa. Aliyedhoofu sana anaweza kuwa na maambukizi makali na mwili usipate joto. Mpeleke kliniki apimwe mzunguko wa mkono wa juu kwa ule utepe wa rangi: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na miguu yote miwili ikivimba usilale naye nyumbani. Uliza pia matone ya vitamini A, hutolewa kila miezi sita, na zinki akiharisha.

Chanjo mpe, usiogope eti ni mdogo wa mwili. Na Lamu samaki hatukosi: msagie dagaa kwenye uji, kunde, yai ukipata. Chai ipunguze, inazuia chuma.