Barua kwa mwanangu: kwa nini nakukataza sato Ifakara

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, nasi nyumbani tu wazima. Uliuliza jambo nisiloweza kulijibu kwa simu: ikiwa sato anayekua haraka yupo, na vifaranga vyake vinauzwa, mimi nilikuwa natafuta nini miaka yote kwa perege wa mtoni? Na kwa nini nakukataza kumweka sato kwenye mabwawa unayotaka kuchimba Ifakara?

Nianze na huyo sato unayemsifia, ndugu wa perege wetu. Mwaka 1988 kituo cha utafiti cha ICLARM, ambacho leo kinaitwa WorldFish, kilianza kumboresha kule Ufilipino, kikisaidiana na wataalamu wa Norway waliokwisha kuboresha samoni kwa kuchagua wazazi bora. Asia walikuwa wakimfuga sato zamani, ila mbegu yao ilitokana na wazazi wachache, na mahali pengi ilikwisha kuchanganyika na jamii nyingine. Ikabidi waje Afrika. Wakavua sato wa porini Misri, Ghana, Kenya na Senegali, wakawashindanisha na wale wa Asia katika mabwawa yale yale. Ukiacha wale wa Ghana, wa porini walikua sawa na wa kufugwa, na wengine waliwapita! Kutoka mchanganyiko huo zikachaguliwa familia zinazokua vizuri, kizazi baada ya kizazi, na kwa wastani kila kizazi kikakua kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko kilichotangulia. Hakuna kinasaba cha kiumbe kingine kilichopandikizwa. Kila walichohitaji kilikuwa tayari ndani ya samaki wa mito na maziwa yetu.

Perege wetu naye ana historia yake. Unajua shida ya perege bwawani: wanaanza kuzaa wakiwa wadogo, bwawa linajaa, wote wanadumaa. Tena jike hulea mayai mdomoni, na muda huo hali kitu, kwa hiyo dume humpita kwa ukubwa. Mtaalamu wa samaki Mwingereza, C. F. Hickling, alichukua madume ya perege kutoka Zanzibar, ndugu wa hawa wa Wami na Rufiji, akawapandisha kwa majike wa perege wa Msumbiji huko Malacca, Malaysia ya leo. Vifaranga wakatoka madume watupu, wasioweza kulijaza bwawa kwa kuzaana. Aliandika matokeo yake mwaka 1960, na ndipo watafiti walipoanza kuelewa kwamba hata ndugu wa karibu namna hii hawapangi jinsia kwa njia moja. Nilipolisoma hilo nikiwa mwanafunzi sikulala. Samaki tuliyemzoea kwenye sufuria alikuwa amebeba jibu lililotafutwa na wafugaji wa nusu ya dunia.

Ndiyo maana nilikesha na wavuvi, nikikata vipande vidogo vya pezi na kuvitia kwenye vichupa vya spiriti. Samaki anarudi majini mzima, na maabara tunasoma ukoo wake. Sato safi utamjua kwa mistari ya wima mkiani. Chotara wa sato na perege huwezi kumwamini kwa macho. Na machotara wapo, vinasaba vimethibitisha hapa hapa Tanzania, nao wanazaa. Wakishapandana tena na perege wa asili, ni sawa na chumvi iliyoyeyuka mchuzini.

Utaniambia utanunua vifaranga madume tu. Dawa ya homoni wanayolishwa haiwageuzi wote kuwa madume, na hata wakiwa madume watupu, dume aliyetoroka ndiye hasa atakayewafuata majike wa mtoni. Mto Kilombero, unaomwaga maji yake Rufiji, ukifurika hakuna tuta litakalomzuia. Ziwa Victoria tumeshaona: ngege, ndugu wa perege waliokuwa chakula cha kila nyumba, walitoweka karibu ziwa zima baada ya sangara na sato kuletwa, na leo tunawafuata kwenye vijiziwa vya pembeni kama Kanyaboli kule Kenya.

Sikufichi, perege wa Rufiji atakuchelewesha sokoni, na hilo kwako ni hela. Lakini anavumilia maji ya chumvi, na hajawahi kupewa nafasi ya kuboreshwa kwa uzito aliopewa sato. Ghana walichagua sato wa mto Volta wao wenyewe, wakapata mbegu ya Akosombo. Nataka sisi tufanye hivyo na wetu, na mabwawa yako yanaweza kuwa sehemu ya kazi hiyo.

Kwa hiyo nisubiri. Usichimbe kabla masika hayajaisha. Nitakuja tuwaulize wazee wa hapo maji hufika wapi, tuchimbe juu ya hapo, tuweke wavu kwenye bomba la kutolea maji. Wazazi nitakuletea mimi, kutoka sehemu tofauti za mto ili wasiwe ndugu. Wewe tafuta mizani nzuri na daftari, kwa sababu kila samaki atapimwa.

Wasalimie wajukuu zangu.

Mama yako