Ugomvi, mzozo au mgogoro: barua ya mpaka wa shamba iseme nini?

Pole sana, ndugu yangu. Unataka kujua kama barua yako kwa Baraza la Ardhi la Kijiji iseme ugomvi, mzozo au mgogoro na jirani aliyesogeza mpaka. Andika mgogoro wa mpaka. Ugomvi ni wa watu: matusi, kununiana, kushikana mashati. Ukiuandika huo, wajumbe watawapatanisha mpeane mikono, na mikonge ya mpaka ibaki pale jirani alipoihamishia. Mzozo ni majibizano yenyewe. Mgogoro upo hata mkisalimiana kila asubuhi, na ndilo neno la sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 ya utatuzi wa migogoro ya ardhi.

Usiite kesi. Baraza hilo la watu 7, wanawake wakiwa angalau 3, kazi yake ni kusuluhisha. Na kama mjumbe mmoja ni shemeji wa jirani yako, huo ni mgongano wa maslahi; useme mapema, kwa adabu, kabla kikao hakijaanza.

Kisha eleza yanayoonekana: mikonge ilikuwa wapi, nani aliipanda, hatua ngapi zimeliwa. Wataje kwa majina wazee wanaoukumbuka mpaka wa zamani.